Mkaazi Si Raia: Nasaha kwa Wenye Vijana Ulaya

 

Haya tunayoyaandika mwezi huu hayahusu twahara wala mirathi, ambayo ndiyo mambo tuyajuayo. Ni khabari ya kadi moja ndogo iliyoingia katika jamaa yetu, na ya makosa mawili tuliyoyafanya sisi wenyewe kwa ajili yake. Twayaandika kwa sababu nyumba zenye kijana ng'ambo, kutoka Bungu mpaka Ikwiriri na kutoka Kibiti mjini mpaka visiwa vya Delta, si chache siku hizi, na kijana aliye mbali akitatizwa na jambo huwauliza watu wa kwao. Huenda wewe msomaji ukaulizwa kesho tulilolizwa sisi jana. Basi ni kheri ujue kabla ya kujibu.

Sisi twasomesha chuo hapa Kibiti kwa zaidi ya miaka 30. Elimu yetu ni Kurani na vitabu tulivyovisoma kwa masheikh zetu, na shule ya msingi mpaka darasa la saba. Kiitalia hatukijui, wala Kijerumani, na sheria za mataifa hatukuzisoma popote. Walakini mtu aliyekaa barazani miaka mingi huulizwa kila jambo, na akiulizwa huona haya kusema, "Hili silijui." Hapo ndipo penye khatari, na hapo ndipo tulipoanguka.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu wa tumbo moja, alizaliwa katika kisiwa kimoja cha Delta, mahali ambapo mtu hufika kwa boti kutoka Nyamisati, akipita katikati ya mikoko na kungoja maji yajae. Alisoma chuoni kwetu akahitimu. Mwaka 2008 alikwenda Italia kwa kibali cha kazi, akafanya kazi ya mashamba, kisha ya kiwanda, katika mji mmoja wa kaskazini ya nchi ile. Mwaka 2015, akiwa amekwisha kupita miaka mitano ya ukaazi halali, akaonyesha mshahara wake na mahali anapokaa, akafaulu mtihani wa lugha yao, akapewa kadi ya mkaazi wa muda mrefu.

Alitupigia simu usiku ule ule. "Shikamoo mjomba. Leo nimepewa kadi isiyokwisha."

Tukaitika, tukamwombea dua, na mamaye akapika wali wa nazi akawapelekea majirani. Baadaye alituletea picha ya kadi yenyewe. Ilikuwa na maneno ya Kiitalia ambayo maana yake ni mkaazi wa muda mrefu, na mbele yake zimeandikwa herufi za Umoja wa Ulaya. Herufi zile mbili ndizo zilizotupoteza.

Mwaka 2018 kazi ya kiwandani ikapungua. Rafiki yake mmoja, mtu wa pwani kama yeye, aliyekuwa akikaa Hamburg katika nchi ya Ujerumani, akamwambia kuwa huko kuna kazi ya bohari na mshahara wake ni mzuri zaidi. Mpwa wetu hakutaka kuondoka bila ya kushauriana na wakubwa wake. Akatupigia simu baada ya sala ya Isha, nasi tuko barazani, wazee wanne, watano, tumeifungua sauti ya simu wote wasikie. Akauliza, "Mjomba, niende, au nikae hapa hapa nivumilie?"

Tukamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Kadi yako ni ya Ulaya, mwanangu, si ya Italia peke yake. Wale watu ni wamoja. Fedha yao ni moja, na mipaka yao haina mlinzi. Nenda. Riziki ya Mwenyezi Mungu imetawanyika, atafutaye ndiye aipataye."

Wazee wenzetu wakaitikia kwa vichwa. Yalikuwa ni maneno matamu, walakini ndani yake hamkuwa na elimu hata kidogo.

Akaenda. Siku ya kumi baada ya kufika akaanza kazi. Wiki ya sita mwajiri wake akazitazama karatasi zake kwa makini, akamwambia kuwa karatasi zile hazimpi ruhusa ya kufanya kazi katika nchi ya Ujerumani, akamtoa siku hiyo hiyo. Alipokwenda kuomba kibali mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Kazi hana, bima hana, akiba yake imemalizwa na kodi ya chumba, na juu ya hayo alikuwa ameifanya kazi kabla ya kuruhusiwa. Ombi lake likakataliwa. Akarudi Italia na mkoba mmoja, akaanza upya. Katika simu zake zote baada ya hapo hakutulaumu hata kwa neno moja, na adabu yake ile ndiyo iliyotuuma zaidi kuliko lawama.

Sasa twataka mwifahamu sheria yenyewe, kama tulivyofahamishwa sisi baadaye na mtu ambaye tutamtaja mbele.

Umoja wa Ulaya ni wa nchi 27. Raia wa nchi mojawapo akitaka kuhamia nchi nyingine na kufanya kazi huko, hana haja ya kuomba kibali cha kazi; anakwenda kwa haki ya uraia wake. Asiyekuwa raia wa nchi yoyote katika hizo hana haki hiyo, na kibali alichopewa na nchi moja kwa kawaida hukomea mpakani pa nchi hiyo. Walakini waliona kwamba wako wageni waliokwisha kukaa kwao miaka mingi, wakafanya kazi, wakalipa kodi na kulea watoto. Kwa hiyo tarehe 25 Novemba 2003 wakatoa agizo, namba 109 la mwaka huo, na nchi zilizofungwa nalo zikapewa mpaka tarehe 23 Januari 2006 kulitia katika sheria zao.

Agizo hilo lasema kwamba mgeni aliyekaa katika nchi moja kwa njia ya halali muda wa miaka mitano mfululizo, mwenye pato la kudumu la kumtosha yeye na watu wake bila ya kutegemea msaada wa serikali, na mwenye bima ya maradhi, aweza kupewa hali ya mkaazi wa muda mrefu. Nchi ikitaka yaweza kumwekea na sharti la kuizoea jamii, na ndiyo maana mpwa wetu alitahiniwa lugha. Wakimbizi hawakuwamo mwanzoni. Walitiwa kwa agizo jingine la mwaka 2011, na jambo hilo lawahusu jirani zetu wengi wa Somalia, Kongo na Burundi walioko huko.

Mwenye hali hiyo, katika nchi iliyompa, hukaribia kuwa sawa na raia katika kazi, masomo na malipo ya jamii. Pasi ya nchi ile hana, wala hachagui wabunge wake. Ama katika nchi ya pili, alichopewa ni haki ya kuomba kukaa, na ombi hilo lina masharti. Lazima alipeleke kabla ya kupita miezi mitatu tangu kuingia. Lazima awe na sababu inayokubaliwa, nayo ni kuajiriwa, au kazi yake mwenyewe, au masomo, au sababu nyingine. Aweza kutakiwa kuonyesha pato na bima. Nchi hiyo ya pili yaweza kutazama kwanza hali ya kazi kwake kabla ya kumpa nafasi, na yaweza kumzuia kubadili kazi kwa muda usiozidi miezi 12 ya mwanzo. Ofisi nayo imepewa miezi minne ya kulipima ombi. Na Ujerumani, mpaka atakapopata kibali cha huko, hana ruhusa ya kushika kazi. Hapo ndipo alipojikwaa mpwa wetu: aliitanguliza kazi, kibali akakiweka nyuma.

Tena msidhani kuwa Ulaya ya ramani na Ulaya ya agizo hili ni kitu kimoja. Denmark na Ireland ni nchi za Umoja, walakini agizo haliwafungi. Uingereza halikuwafunga tangu walipokuwa wanachama, nao walijitoa mwaka 2020. Uswisi na Norway si wanachama wa Umoja, ingawa mwenye kadi ya ukaazi, pamoja na pasi yake, aweza kuzizuru kama anavyozuru nchi nyingine za Schengen, siku 90 katika kila siku 180. Na kuzuru si kuhamia. Mtu aweza kulala Hamburg miezi miwili kwa jamaa yake pasiwe na tatizo lolote. Tatizo huanza siku anapovaa nguo za kazi.

Ipo na rehema katika sheria ile, nasi si waadilifu tukiificha. Mkaazi akikataliwa na nchi ya pili, nchi ya kwanza imelazimika kumpokea mara moja. Ndiyo sababu mpwa wetu alirudi Italia na kadi yake haikuguswa. Alipoteza fedha na miezi, walakini hakupoteza makao.

Ili lifahamike vizuri jambo hili, na tulitazame kwa macho ya hapa kwetu. Mtu wa Bungu akitaka kwenda kulima mpunga katika kijiji cha Delta, hujitwisha jembe lake na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji chake. Barua ile yasema kuwa mtu huyu twamjua, si mwizi wala mgomvi. Akifika, wenyeji humsikiliza kwa sababu ya barua. Walakini shamba hakuletewa na barua. Shamba atapewa na halmashauri ya kijiji kile ikiridhika, tena ataonyeshwa mpaka wake. Na lau akianza kufyeka siku ya kwanza kabla ya kuzungumza na mtu, barua yake haitamsaidia kitu. Kadi ya mkaazi ni barua ya utambulisho. Yamfungulia mtu masikio ya wenyeji. Shamba atapaswa kuliomba.

Wako watakaosema kuwa Wazungu wamewabana wageni. Na tujitazame na sisi. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilianza Soko la Pamoja tarehe 1 Julai 2010, na itifaki yake yazungumza juu ya watu kwenda na kurudi, na wafanyakazi, na haki ya kukaa. Walakini haki zile ni za raia wa nchi wanachama. Mgeni kutoka nje ya Jumuiya aliyekaa Dar es Salaam miaka 20 kwa kibali cha ukaazi, akivuka Namanga kwenda kukaa Nairobi, kibali chake cha Tanzania hakimpi haki ya ukaazi huko. Atahesabiwa kwa pasi yake kama mgeni aliyekuja jana. Kwa hiyo jambo walilolifanya wenzetu kwa mkaazi asiye raia, pamoja na masharti yake yote, sisi bado hatujalifanya. Twalisema hili kwa insafu tu, maana Muislamu ameamrishwa kusema haki hata juu ya nafsi yake.

Hilo ndilo kosa letu la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi, na mpaka leo twaona uzito kulisimulia.

Mwezi wa Desemba 2021 dada yetu alishikwa na maradhi. Mpwa wetu akaomba likizo, kisha akaacha kazi, akaja. Aliondoka Italia tarehe 9 mwezi ule. Alipofika Delta alimkuta mamaye hawezi kusimama. Akamwuguza kwa mikono yake, akampeleka hospitali na kumrudisha, akamchemshia uji, akamfulia nguo. Mwezi wa Machi mama alipata nafuu. Mpaka mwezi wa Juni alikuwa akikaa mlangoni asubuhi akisuka ukili, na sauti yake ikisikika kwa jirani wa tatu.

Katika siku zile za nafuu mpwa wetu alitujia Kibiti. Akasema, "Mjomba, nimesikia kwamba mwenye kadi hii akikaa nje ya Ulaya mwaka mzima, kadi huondoka. Nafikiri nikajionyeshe, kisha nirudi."

Nasi tulijibu nini? Tulisema, "Sheria gani hiyo itakayomhukumu mtoto kwa kumwuguza mamaye? Kaa hapa. Utakapokwenda utawaeleza, nao wana mama zao." Akanyamaza. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 40 na ndevu zenye mvi, walakini mbele yetu alikuwa ni mtoto wa chuoni, na mtoto wa chuoni hambishii mwalimu wake. Akarudi Delta na boti ya jioni.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 tulifanya Maulidi chuoni kwetu, na miongoni mwa waliokuja alikuwa ni binti mmoja tuliyemsomesha alifu kwa kijiti, na sasa ni mwanasheria Dar es Salaam. Baada ya Maulidi akaja kutuamkia. "Shikamoo Maalim." "Marahaba mwanangu." Tukamwuliza juu ya mpwa wetu, kwa namna ya kuzungumza tu, tukitaraji atatusadiki. Hakutusadiki. Aliinamisha macho kwa heshima, akatoa simu yake, akatusomea agizo lile kifungu kwa kifungu, akitufasiria kwa Kiswahili kama sisi tulivyokuwa tukimfasiria yeye alipokuwa na miaka saba.

Akasema: "Maalim, mkaazi akikosekana katika ardhi ya Umoja wa Ulaya miezi 12 mfululizo, hali yake huondoka. Nchi yaweza kumsamehe kwa sababu maalumu ikitaka, walakini hiyo ni hiari yake. Mtu hawezi kuweka maisha yake juu ya hiari ya mwingine. Amebakiwa na wiki chache. Ila liko neno jingine jema. Tarehe 20 Januari mwaka huu mahakama ya Umoja, iliyoko Luxembourg, ilihukumu katika kesi iliyotoka Austria kwamba mtu akiingia katika ardhi ya Umoja ndani ya miezi hiyo 12, hata kwa siku chache tu, hesabu hukatika na hali yake haiondoki kwa sababu hiyo. Hakuwa na haja ya kumwacha mamaye kwa muda mrefu. Angaliweza kwenda wiki moja akarudi."

Tukamwuliza, "Tangu Januari?"

Akasema, "Ndiyo, Maalim, tangu Januari."

Hatukuwa na la kujibu. Tulikumbuka Machi na Juni, na ukili mlangoni. Katika miezi ile safari ya wiki moja ingalikuwa nyepesi. Sasa ilikuwa Oktoba, na dada yetu amekwisha kurudi kitandani.

Wazee wetu wa Delta waliishi na hesabu ya namna hii, nasi tulisahau. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija na kaskazi kununua boriti za mikoko, na nahodha alijua kuwa hana budi kupakia na kung'oa nanga kusi inapoanza kuvuma, kwani kusi ndiyo itakayomrudisha kwao. Aliyechelewa alikaa mpaka mwaka wa pili, hata kama alichelewa kwa sababu njema. Upepo haumwulizi mtu nia yake. Na sheria ya wageni ni kama upepo ule. Mwenye kuijua mapema husafiri nayo, na mwenye kuijua mwisho hukimbizana nayo.

Nauli haikupatikana upesi. Tuliuza korosho za msimu ule kabla ya bei kupanda, na jamaa wakachanga. Mama mwenyewe, alipoelezwa, alisema, "Nenda mwanangu, ukarudi. Usiache mlango wako ufungwe kwa ajili yangu." Aliondoka tarehe 28 Novemba, akiwa na tiketi ya kurudi baada ya wiki mbili. Siku ya nne baada ya kuondoka kwake dada yetu akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulimzika baada ya sala ya Alasiri. Mtandao kisiwani pale ni wa shida, basi kijana mmoja akapanda juu ya dungu la kulindia mpunga lililo karibu na makaburi, akaishika simu juu ili mwana aisikie talkini ya mamaye. Tuliisoma sisi. Tumewasomea maiti wengi katika umri wetu, walakini siku ile sauti yetu ilikatika mara mbili, na walioshuhudia walidhani ni huzuni ya ndugu kwa dadaye. Ilikuwa ni huzuni, na ilikuwa na jingine ndani yake ambalo twaliandika leo kwa mara ya kwanza.

Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, haitangulizwi wala haicheleweshwi, hilo twaliamini. Walakini kuwapo kwa mtoto kando ya mamaye saa ile kulikuwa katika uwezo wetu, nasi tulikupoteza kwa kutojua, na zaidi kwa kutouliza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaulize wenye kujua ikiwa sisi hatujui. Twawasomesha watoto amri hiyo kila mwaka. Tulidhani yahusu sala na saumu. Kumbe yahusu na kadi.

Mwaka 2023 mpwa wetu alihamia Ujerumani mara ya pili, na safari hii alikwenda kwa taratibu. Alipata kwanza ahadi ya kazi kwa maandishi. Akaweka fedha za kumtosha, akakata bima, akaandikisha mahali anapokaa, akapeleka ombi lake katika wiki ya pili. Akangoja bila ya kugusa kazi mpaka kibali kilipotoka. Sasa yuko huko. Nasi tumenunua daftari, tumeandika ndani yake tarehe zake, kama mwenye duka aandikavyo madeni.

Katika daftari lile mna hesabu mbili ambazo kila mwenye kijana wa namna hii yampasa azijue. Ya kwanza ni miezi 12 ya kuwa nje ya Umoja wote. Kila akija nyumbani twaandika siku aliyoondoka huko, na mwezi wa sita twamkumbusha. Ya pili ni miaka sita. Mkaazi aliyeiacha nchi iliyompa kadi, hata akiwa katika nchi nyingine ya Umoja, akipita miaka sita bila ya kukaa humo aweza kuipoteza hali aliyopewa na nchi ile. Kwa hiyo akisha kutimiza miaka mitano katika nchi ya pili na kupata masharti yake, aombe ukaazi wa muda mrefu wa huko. Atakapoupata, ule wa kwanza utaondoka, kwani mtu hawi nahodha wa majahazi mawili kwa wakati mmoja. Lakini asiuache wa kwanza uzame kabla ya kupanda wa pili.

Na mwenye mke na watoto na azidishe kuuliza. Mke na watoto wadogo waliokuwa wakikaa naye katika nchi ya kwanza, agizo lawaruhusu kumfuata katika ya pili kwa masharti. Ama mke aliyebaki Kibiti, njia yake ni nyingine kabisa, nayo ni sheria ya kuunganisha jamaa. Asiambiwe na mtu kuwa mumewe akihama tu na yeye amekwisha kufika.

Ndugu wasomaji, kijana aliye ugenini hutupigia simu kwa sababu ya mapenzi na heshima, wala si kwa sababu twajua zaidi kuliko yeye. Heshima ile ni amana. Akikuuliza juu ya mamaye, mwambie unalolijua. Akikuuliza juu ya sheria ya nchi anayokaa, mwambie, "Mwanangu, hili sisi hatulijui, muulize mwanasheria wa huko, au ofisi yenyewe, upate jibu la maandishi, kisha utueleze na sisi tujifunze." Maneno hayo hayapunguzi cheo cha mzee hata kidogo. Sisi tuliyaogopa mara mbili, na mara zote mbili aliyelipa alikuwa ni mwingine.

Yule binti mwanasheria bado hutuamkia kwa Shikamoo, nasi twamwitikia. Walakini tangu Maulidi yale, akija chuoni, twamtandikia mkeka mahali pa mwalimu.

Mwenyezi Mungu amrehemu dada yetu, awahifadhi vijana wetu walioko mbali, na atupe sisi tuliobaki barazani ulimi wa kusema "hatujui" pale tusipojua. Amin. Wabillahi tawfiq.